Kilo Mbili Kasoro

Nilipanda Tukuyu na kisanduku cha shaba:
kilo tano, mbili, moja, nusu, robo,
kila jiwe la mizani limelazwa kwenye flaneli
kama mtoto wa watu.
Barua ya kazi mfukoni, imekunjwa mara nne:
kagua mizani ya soko, gonga muhuri,
rudi Mbeya Ijumaa.

Barua haikutaja mvua.
Huku mvua hainyeshi, inaishi;
ina chumba chake katika kila nyumba
na huamka kabla ya wenyeji.
Siku ya pili soksi zangu zilinuka uyoga.
Ambakisye, karani niliyepewa, akacheka kwa adabu,
akaniazima mabuti ya baba yake.

"Ugonile," alinifundisha nisalimie,
nami nikaisema vibaya kwa watu arobaini.
Wote waliitika kana kwamba nimeisema vizuri.

Wauza viazi walipita. Wenye parachichi walipita,
isipokuwa mmoja, na alijua kwa nini.
Kisha tukafika kwa Bi Tusekile, muuza maharage.
Mizani ya sahani mbili, minyororo imeng'aa kwa kushikwa,
na juu ya sahani moja jiwe jeusi
lenye matundu kama mkate uliomwagiwa hamira.

"Hili jiwe la wapi?"
"La boma."

Akafunika gunia kwanza, ndipo akasema.
Babu yake alilibeba kichwani, yeye na wenzake,
zama ambazo kukataa kulijibiwa na kiboko.
Wakajenga ukuta wa Wajerumani, mnene,
mtu akilala kwa upana haonekani miguu.
Halafu ardhi ikajikuna
(bibi aliukumbuka usiku ule kwa vyungu,
jinsi vilivyoanza kuongea vyenyewe darini)
na ukuta ukatapika baadhi ya mawe.
Babu akaenda gizani, akachukua moja. Moja tu.
Akasema: mengi niliwabebea,
hili nimejilipa.

Ambakisye alikuwa ameacha kuandika.
"Mimi nafanya kazi ndani ya ukuta ule," akasema,
"mwaka wa sita. Koti langu natundika kwenye msumari pale."
Hakumalizia.

Kazi ni kazi. Nikaweka shaba huku, jiwe kule.
Shaba ikashuka.
Kilo mbili kasoro gramu mia na arobaini.

"Najua," akasema Bi Tusekile. "Lilipofika lilitimia.
Linameguka. Kila mwaka linameguka.
Ndiyo maana naongeza konzi.
Ya mama ilikuwa ndogo kuliko yangu."
Akafungua kiganja, kipana, kimeiva kwa jembe.

Nikapima konzi yake mara tatu, kama kanuni inavyotaka:
mia na sitini, mia na sitini, mia na sitini na mbili.
Nina mizani ya umeme ofisini isiyoweza hivyo.

Fomu yangu ina safu ya jina, safu ya aina,
safu ya tofauti. Kisha kisanduku kidogo: *halali / si halali*.
Nikaweka alama pale ilipopaswa kuwekwa.
Sheria ilinitaka pia nilitwae jiwe.
Nililijaribu ndani ya kisanduku changu;
flaneli haikuwa na shimo la umbo lile.
Nikalirudisha mezani.

Alhamisi jioni nilienda bomani peke yangu.
Nilitaka kuyahesabu mawe ya ukuta wa mashariki.
Nilifika mia tatu na kumi na moja,
giza likanichanganyia mistari,
na mlinzi akauliza kwa upole nimepoteza nini.

Ijumaa, kabla ya basi, nilipitia sokoni.
Bi Tusekile amenunua kilo mbili mpya, ya chuma,
muhuri wangu bado unang'aa juu yake.
Jiwe la babu limekalia pembe ya turubai,
upepo unalijaribu, unashindwa.
Nikaomba maharage, kilo mbili.
Sahani zikalingana, sawasawa kabisa.

"Bi Tusekile," nikasema, "hii imetimia."
"Naona," akajibu,
na mkono wake ulikuwa tayari umo guniani.